Mashine Kuukuu ya Kukausha Nguo: Itengenezwe Nyumbani, Nyumba Isiungue

Yafuatayo ni maandishi ya mazungumzo kwa wakazi wa Dabaso kuhusu ukarabati wa mashine kuukuu za kukausha nguo. Yanachapishwa hapa kwa manufaa ya wakazi wote wa Kaunti ya Kilifi.



Huenda wapo wanaojiuliza mashine ya kukausha nguo ina kazi gani Dabaso, mahali ambapo jua ni la bure na kamba ya kuanikia haina bili. Swali hilo ni la haki. Miezi mingi ya mwaka, jua la Pwani hukausha shuka kabla chakula cha mchana hakijaiva. Lakini mvua ya mwaka inapoanza, kuanzia Aprili hadi Juni, mambo hubadilika. Nguo hukaa kambani siku mbili na bado ni mbichi. Sare za shule hunuka uvundo. Anayeanika ndani huona kuta zikiota ukungu. Tena nguo yenye unyevu ikiachwa kivulini, yuko nzi anayetaga mayai humo, na funza wake huingia kwenye ngozi ya mvaaji. Ndiyo maana akina mama hupiga pasi nepi za watoto pande zote mbili.

Kwa wengine jambo hili ni la riziki. Wapo madobi wanaofulia nyumba za wageni za Watamu, Gede na Malindi. Mgeni halali juu ya shuka mbichi kwa sababu tu mvua imenyesha. Dobi asiyeweza kurudisha shuka kavu kwa wakati hupoteza kazi, na kazi ikishakwenda kwa mwingine hairudi kwa urahisi.

Hapo ndipo mashine kuukuu inapoingia. Hoteli na nyumba za likizo zinapobadilisha vifaa, vile vya zamani huuzwa kwa bei ya chini au hupewa wafanyakazi. Nyingine huja kama mitumba kutoka ng'ambo kupitia bandari ya Mombasa. Mashine hufika nyumbani ikiwa na kutu, haizunguki au haitoi joto, na mwenyewe hubaki na mambo mawili: aiuze kwa kilo kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, au aitengeneze.

Mazungumzo haya yanasema kwamba nyingi zinaweza kutengenezwa, na sehemu kubwa ya kazi hiyo inaweza kufanywa nyumbani na mtu makini. Lakini yanasema pia kwamba mashine iliyofufuliwa vibaya ni hatari kuliko mashine iliyokufa. Katika mtaa wenye mapaa ya makuti, kosa la nyumba moja huwa msiba wa nyumba kumi.

Kwa nini serikali ya kaunti izungumzie mashine ya nguo? Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 liliipa kaunti, miongoni mwa majukumu mengine, huduma za zimamoto na kukabiliana na majanga, uondoaji wa taka, na vyuo vya ufundi vya vijijini. Mashine hii moja inagusa yote matatu. Ikitengenezwa vizuri, ni taka iliyopungua na kijana aliyepata ujuzi. Ikitengenezwa vibaya, ni kazi ya zimamoto.

Mashine inavyofanya kazi

Mashine hii si ngumu kuielewa. Ndani yake kuna pipa la bati linalozungushwa na mota kwa mkanda mrefu, mwembamba. Kuna hita, yaani koili inayofanana na ya jiko la umeme. Kuna feni. Feni huvuta hewa, hewa hupita kwenye hita ikapata joto, ikaingia ndani ya pipa, ikachukua maji ya nguo, ikapita kwenye chujio, kisha ikatoka.

Zipo aina tatu. Ya kwanza hutoa hewa hiyo ya moto nje ya nyumba kwa bomba pana. Ya pili huipoza ndani kwa ndani, na maji hukusanyika kwenye tangi dogo linalomwagwa. Ya tatu, ambayo ni ya kisasa, ina kompresa na gesi kama friji. Katika baadhi ya mashine za aina hii ya tatu gesi yenyewe hushika moto, kwa hiyo sehemu ya gesi iachiwe fundi wa friji.

Nguo zinapozunguka hupoteza nyuzi ndogo ndogo. Nyuzi hizo hukusanyika kwenye chujio kama pamba laini. Zinazopenya hujificha nyuma ya pipa, kwenye feni na ndani ya bomba. Vumbi hilo la nyuzi lina mambo mawili mabaya: huziba njia ya hewa, na hushika moto upesi.

Idara ya taifa ya zimamoto ya Marekani ilikadiria kwamba kati ya mwaka 2008 na 2010, nyumba za nchi hiyo zilipata wastani wa mioto 2,900 kila mwaka iliyotokana na mashine za kukausha nguo. Sababu iliyoongoza, kwa asilimia 34, ni mashine kutosafishwa. Hizo ni nyumba zenye vituo vya zimamoto karibu na maji ya kutosha kwenye mabomba ya mitaani.

Fyuzi iliyokatika imefanya kazi yake

Njia ya hewa ikiziba, joto hukosa pa kwenda. Waliounda mashine walilijua hilo, wakaweka walinzi wawili. Wa kwanza ni thamostati, ambayo huzima hita joto linapofika kiwango chake na kuiwasha tena joto linaposhuka. Wa pili ni fyuzi ya joto. Huyu hana kazi mpaka wa kwanza ashindwe. Joto likipita kiasi, fyuzi hukata umeme wa hita, au wa mashine nzima. Katika mashine nyingi ikishakata haifungi tena mpaka ibadilishwe. Katika nyingine kuna kitufe kidogo cha kubonyeza ili irudi.

Sasa chukua mfano wa mama dobi aliyepata mashine kuukuu na kijana wake anayejua kidogo mambo ya umeme. Kijana anafungua, anapima, anapata mahali palipokatika.

"Mama, kumbe ni fyuzi tu. Nikiunga nyaya hizi mbili moja kwa moja, itapiga kazi sasa hivi."

"Na hiyo fyuzi ilikuwa ya nini, mwanangu?"

"Ya usalama tu, mama. Hata bila hiyo mashine inaenda."

Kijana hajasema uongo. Mashine itaenda. Itapasha joto, itazunguka, na shuka zitakauka. Lakini swali la mama ndilo lenye uzito. Fyuzi ile haikukatika kwa uzee. Katika hali nyingi imekatika kwa sababu kulikuwa na joto lililozidi, na joto lilizidi kwa sababu kuna kitu: chujio limeziba, bomba limejikunja, feni imelegea, au thamostati imekwama. Anayeunga waya moja kwa moja ameondoa mlinzi na kumwacha mwizi ndani.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya ukarabati huu ni hii: fyuzi ya joto hubadilishwa kwa nyingine ya kiwango kilekile, na haibadilishwi kabla ya kujua kilichoifanya ikatike. Fyuzi mpya ni kitu kidogo cha bei nafuu ukilinganisha na mashine yenyewe. Fundi asiyetaka kuitafuta atafutiwe mbadala yeye.

Kabla ya kufungua skrubu

Hatua ya kwanza ni kusoma bamba la mashine, ambalo kwa kawaida liko nyuma au ndani ya mlango. Umeme wa Kenya ni volti 240 na hezi 50. Bamba likisema volti 220 hadi 240 na hezi 50, mashine inafaa. Mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani hutumia mpangilio mwingine wa nyaya na hezi 60. Hiyo si ya kubadilishiwa plagi tu na kuchomekwa ukutani.

Hatua ya pili ni kuangalia chapa na namba ya modeli. Agosti 2016, moto ulizuka katika jengo refu la makazi magharibi mwa London. Wazimamoto walipochunguza, walipata kwamba chanzo ni mashine ya kukausha nguo iliyokuwa na hitilafu. Mashine za aina hiyo zilikuwa na kasoro ya kiwandani: vumbi la nyuzi liliweza kufika kwenye hita. Mwaka 2019 Uingereza ikaanza kuzirudisha kiwandani zile zilizokuwa hazijarekebishwa. Ni baadhi ya modeli zilizotengenezwa kati ya mwaka 2004 na 2015 kwa chapa za Hotpoint ya Uingereza, Indesit, Creda, Swan na Proline. Anayeletewa mtumba wa chapa hizo atafute namba ya modeli yake kwenye intaneti kabla ya kutumia hata shilingi moja. Ikiwa imo kwenye orodha, kutu na mkanda si tatizo lake kuu, na kuipaka rangi hakutaifanya salama.

Hatua ya tatu ni kukata umeme. Kuzima swichi hakutoshi. Plagi itolewe ukutani na iwekwe mahali ambapo anayefanya kazi anaiona, ili mtoto asije akaichomeka. Mota nyingi zina kapasita, kikopo kidogo kinachoweza kubaki na umeme hata plagi ikiwa nje. Asiyejua kukitoa umeme huo kwa njia salama asikiguse. Kazi ifanyiwe mahali pakavu, miguu ikiwa na viatu, na mikono ikiwa na glavu, kwa kuwa kingo za bati la ndani hukata kama wembe. Kila waya unaotolewa upigwe picha kwa simu kwanza. Picha moja huokoa nusu siku ya kubahatisha.

Kusafisha ndiyo nusu ya kazi

Kabla ya kutafuta kilichoharibika, mashine isafishwe. Chujio litolewe na lioshwe kwa maji ya sabuni kisha likaushwe kabisa. Bati la nyuma lifunguliwe, na vumbi la nyuzi liondolewe kwa brashi laini na mashine ya kunyonya vumbi ikiwepo. Litolewe chini ya pipa, kwenye mabawa ya feni, kuzunguka mota, na hasa karibu na hita. Bomba la kutolea hewa likaguliwe kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwenye mashine ya tangi la maji, kipozeo kioshwe mpaka mwanga upite katika matundu yake.

Mwambao una wageni wake pia. Mjusi hupenda joto la mashine, hujilaza juu ya saketi na kufia hapo. Sisimizi na mende hujenga humo. Panya hutafuna nyaya. Mashine iliyokaa stoo msimu mzima ikaguliwe kwa macho kila waya, na uliotafunwa ubadilishwe wote, usifungwe kwa utepe.

Si ajabu mashine iliyosemekana imekufa kuamka baada ya kusafishwa tu. Lakini hata ikiamka, ukaguzi uendelee.

Isipozunguka, isipotoa joto

Mashine ikivuma lakini pipa halizunguki, lizungushwe kwa mkono plagi ikiwa nje. Likizunguka kwa wepesi usio wa kawaida, mkanda umekatika au umetoka kwenye puli. Mkanda huwa na maandishi mgongoni yanayoonyesha urefu kwa milimita na idadi ya mifereji yake. Maandishi hayo ndiyo ya kupeleka kwa muuza vipuri, si kipande cha kukisia. Pipa likiwa zito, magurudumu madogo yanayolibeba yamekwisha au yameshika kutu. Likizunguka kwa mlio wa kukwaruza, mara nyingi ni kitambaa kizito cha ukingoni kilichochakaa, au ni sarafu na vifungo vilivyopenya nyuma ya pipa.

Likizunguka bila joto, mita ya fundi ndiyo itakayosema. Hita ya wati 2,000 kwenye umeme wa volti 240 inapaswa kusoma karibu omu 29. Ya wati 2,500 husoma karibu omu 23. Hita yenye sehemu mbili hupimwa kila sehemu peke yake. Mita isiposoma kitu, koili imekatika, na koili iliyokatika haisokotwi ikaunganishwa, kwa kuwa mahali pa kuungia ndipo patakapowaka kwanza. Ibadilishwe nzima. Hita ikiwa salama, ipimwe fyuzi ya joto, kisha thamostati. Hapo irudiwe kanuni ile: iliyokatika itafutiwe sababu.

Kutu, chumvi na waya wa athi

Upepo wa bahari hubeba chumvi, na chumvi hula bati. Kutu ya nje husuguliwa kwa msasa mpaka bati lionekane, ikapakwa rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, kisha rangi ya juu. Mashine hurudi kuwa kama mpya na mwenyewe hufurahi. Kutu ndani ya pipa husuguliwa pia, la sivyo itachora shuka nyeupe. Pipa lililotoboka halifai tena.

Hapa kuna jambo linalosahauliwa na hata mafundi wazuri. Waya wa ardhini, ambao wengi huuita athi, hufungwa kwa skrubu kwenye bati la mashine. Kazi yake ni kupeleka umeme ardhini endapo waya utagusa bati, ili asiyejua asishike mauti. Skrubu hiyo ikishika kutu, au bati likipakwa rangi pale inapokaa, athi imekatika ingawa kwa macho iko. Mahali hapo pasuguliwe mpaka pang'ae, skrubu ikazwe, ndipo rangi ipakwe kuzunguka. Kisha mita iwekwe kati ya pini ndefu ya plagi na bati: isome karibu na sifuri. Iwekwe kati ya kila moja ya pini nyingine mbili na bati: isisome kitu. Isipokuwa hivyo, plagi isiingie ukutani.

Hata hivyo, athi ya mashine haina maana ikiwa nyumba yenyewe haina athi. Nyaya za nyumba, kutoka kwenye mita hadi kwenye soketi, si kazi ya kujifunzia. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya taifa ya kudhibiti kawi. Mwenye nyumba ana haki ya kuomba kuiona leseni hiyo kabla kazi haijaanza.

Mahali pa kuiweka

Soketi ya kawaida hubeba ampea 13, yaani wati 3,120 hivi. Mashine moja ya kukausha peke yake inakaribia hapo. Kwa hiyo ichomekwe moja kwa moja ukutani, isiwekwe kwenye ekstensheni pamoja na friji na birika. Plagi ikiwa ya moto kiasi cha kutoshikika, kuna uunganisho uliolegea. Mashine izimwe na kasoro itafutwe.

Isiwekwe chini ya paa la makuti wala kwenye banda la mabanzi. Iwekwe kwenye chumba cha mawe chenye paa la bati au zege, mbali na godoro, mkaa na mitungi ya gesi. Bomba la hewa liwe la chuma, fupi, lisilo na mikunjo mingi, litoke nje kupitia ukutani, na mdomo wake usielekee makuti ya jirani. Wakazi wa Watamu na Malindi wanajua jinsi moto wa makuti unavyoruka kwa upepo wa kusi. Hauulizi nyumba ni ya nani.

Madobi wanaofulia nyumba za wageni waangalie sana taulo za masaji na vitambaa vya jikoni. Mafuta ya mimea yaliyobaki kwenye kitambaa huendelea kuzalisha joto yakishapashwa, na rundo la taulo za moto lililokunjwa linaweza kuwaka lenyewe saa kadhaa baadaye, watu wakiwa wamelala. Taulo hizo zioshwe kwa maji ya moto na sabuni ya kutosha mpaka harufu ya mafuta iishe. Zikikauka, zitandazwe zipoe kabla ya kukunjwa. Kwa sababu hiyohiyo, mashine isizimwe katikati na kuachwa imejaa nguo za moto. Dakika zake za mwisho ni za kupoza. Na nguo iliyomwagikiwa petroli au tina ya rangi isiingie humo kabisa.

Mashine iliyotoka kutengenezwa ijaribiwe mchana, tupu, mtu akiwa amesimama karibu. Baada ya dakika kumi, aangalie kama hewa inatoka kwa nguvu, kama kuna harufu ya kuungua, kama plagi ina joto. Kisha ijaribiwe kwa nguo chache. Isiachwe inafanya kazi watu wakilala au wakitoka. Chujio lisafishwe kila baada ya mzigo mmoja, si kila wiki. Moto ukitokea, swichi kuu izimwe ikiwa inafikika, mlango wa mashine ubaki umefungwa, maji yasimwagwe kwenye kitu chenye umeme, watu watoke, na msaada uitwe kwa 999 au 112.

Hesabu ya matumizi

Mashine ya wati 2,500 ikifanya kazi saa moja na nusu haiwezi kuzidi uniti 3.75, na kwa kuwa thamostati huzima na kuwasha hita, mara nyingi ni pungufu. Kila mtu azidishe uniti hizo kwa bei inayoonekana kwenye risiti yake ya tokeni, ndipo ajue kama kazi inalipa. Kukamua nguo vizuri hupunguza gharama kuliko kitu kingine chochote, kwa kuwa maji yaliyokamuliwa hayahitaji joto. Siku yenye jua la kubahatisha, nguo zianikwe kwanza, zikishapungua maji zimalizwe kwa mashine dakika ishirini. Siku ya jua kamili, mashine ipumzike.

Wakati wa kuachana nayo

Si kila mashine inafaa kufufuliwa. Iliyoungua nyaya ndani, iliyotoboka pipa, ya umeme usiofaa, au iliyomo kwenye orodha ya kurudishwa kiwandani, imefika mwisho wake. Hata hivyo mkanda wake, magurudumu na mota vinaweza kuokoa nyingine. Mlango ung'olewe kabla haijawekwa nje, kwa sababu watoto hujificha humo wakicheza na mlango ukajifunga. Nyaya zisichomwe ili kupata shaba, moshi wake ni sumu kwa anayechoma na kwa majirani. Na mabaki yasitupwe kwenye mikoko ya hori ya Mida. Mikoko hiyo ndiyo mazalio ya samaki na kaa wanaolisha familia nyingi za Dabaso, na kutu na mafuta ya mota havina faida kwao.

Vijana wenye hamu ya kazi hii wana njia. Vyuo vya ufundi vya kaunti vipo kwa ajili yao, na anayejua kutumia mita, kusoma bamba na kukataa njia ya mkato hatakosa wateja katika eneo lenye nyumba za wageni nyingi kama hili.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mashine hii ufa ni chujio lisilosafishwa, skrubu ya athi iliyoshika kutu, na fyuzi iliyorukwa. Vyote vitatu vinaweza kurekebishwa kwa brashi, msasa na kipuri kidogo kabla ya mvua ya mwaka. Mwenye mashine na aanze na swali la yule mama: hiyo fyuzi ilikuwa ya nini? Akishapata jibu kamili, ndipo achomeke plagi.